Themostati Huomba, Mashine ya Paani Ndiyo Huamua

Kile kisanduku cha ukutani chenye tarakimu za joto hakipoozi kitu. Wateja wengi hukibonyeza kwa hasira, wakishusha namba kutoka 24 hadi 16, wakiamini chumba kitapoa upesi zaidi. Labda hatua ya pili ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoozea, itaitwa mapema kidogo, kama ipo. Zaidi ya hapo, hakuna kilichobadilika. Kazi ya themostati ni kugusanisha nyaya tu. Umeme mdogo wa volti 24 umesimama pale ukutani ukisubiri. Chumba kikizidi joto lililopangwa, swichi ndogo ndani ya kisanduku inaungana, umeme unapanda hadi juu ya paa, unaamsha koili ya kontakta (swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku ya koili hiyo), kontakta inavuta, na hapo tu ndipo umeme mkubwa wa fezi tatu unapoingia kwenye kompresa.

Kwa hiyo themostati inaomba. Anayeamua yuko juu, kwenye lile sanduku kubwa la bati lililokaa juani mchana kutwa. Nimefunga na kutengeneza viyoyozi vya paani muda mrefu wa kutosha kuwa na msimamo juu ya jambo hili: sehemu kubwa ya matatizo yanayoitwa ya gesi au ya kompresa huanzia kwenye nyaya nyembamba. Ama ombi halifiki, ama linafika likiwa dhaifu, ama linapita mahali lilipotakiwa kukataliwa. Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike.

Mtu aliyeanzisha habari hii alilielewa vizuri. Warren Johnson alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani. Enzi hizo mtunza jengo ndiye aliyekuwa akipita darasa kwa darasa kupima joto, kisha anashuka chini kurekebisha dampa za tanuri, yaani vibao vya kufungua na kufunga njia ya hewa. Johnson akabuni chombo cha umeme cha kupima joto la chumba, akapewa hataza yake mwaka 1883. Kilipoona chumba kimetoka kwenye kiwango, kilipiga kengele kule chini kwa mtunza jengo. Kengele haikuwasha moto wala kuuzima. Uamuzi ulibaki kwa binadamu aliyesimama kando ya tanuri. Leo binadamu huyo hayupo tena juu ya paa, na nafasi yake imechukuliwa na mlolongo wa swichi ndogo. Fundi anayefunga nyaya za kontroo ndiye anayezipanga.

Tuanze na herufi zinazotaja kila waya wa kontroo, tuzipite haraka kwa sababu zimezoeleka. R huleta zile volti 24. C ni njia ya kurudi kwenye transfoma. Y1 na Y2 huomba ubaridi wa hatua ya kwanza na ya pili, G huomba feni, W1 na W2 huomba joto. Kwa mazoea R hupewa waya mwekundu, Y wa njano, G wa kijani, W mweupe, na C wa buluu au mweusi. Mazoea si sheria. Mtu aliyevuta kebo akiishiwa na waya wa njano hutumia wa kahawia, akaondoka bila kumwambia mtu. Ndiyo maana huwa siamini rangi mpaka niwe nimeona ncha zote mbili za waya. Kwenye mashine zinazogeuza mzunguko wa gesi ili kutoa joto pia kuna O au B ya kuamuru vali ya kugeuza. O hupata umeme wakati wa kupooza, B wakati wa kupasha. Ukikosea kuchagua kwenye mipangilio ya themostati, mteja ataomba ubaridi na mashine itamtii kwa kumpulizia joto.

Jambo moja tu la kusisitiza hapa ni waya wa C. Themostati za zamani za zebaki hazikuhitaji umeme wa kujiendesha, hivyo kebo nyingi za zamani hazina waya huo. Za kidijitali zinaweza kuishi kwa kudokoa umeme kidogo kupitia koili ya Y, na nyumbani mbinu hiyo wakati mwingine inakubali. Kwenye jengo la biashara sikubali. Umeme huo wa kudokoa ukikutana na relei nyepesi (swichi ndogo inayoamshwa na koili yake) au bodi ya kielektroniki, mashine inaanza kujiwasha nusu nusu bila mtu kuomba, nawe utazunguka na bisibisi siku nzima. Vuta kebo yenye nyaya nane hata kama leo unahitaji tano. Kuvuta kebo ya pili kupitia dari iliyokwisha kufungwa ni kazi ambayo hakuna anayetaka kuilipia.

Sasa tuje kwenye nguvu ya ombi lenyewe. Hapa pana hesabu ndogo ambayo kila fundi angeifanya kabla ya kulaumu kontakta.

Ndani ya mashine ya paani kuna transfoma inayoshusha umeme mkubwa hadi volti 24. Upande wake wa kuingilia huwa na nyaya kadhaa za kuchagua, mathalani 208, 230 na 240, na mashine hutoka kiwandani ikiwa imefungwa kwenye mmojawapo. Jengo likiwa na volti 208 na transfoma imefungwa kwenye waya wa 240, upande wa pili hutapata 24. Zidisha 24 kwa 208, gawanya kwa 240: unapata 20.8. Kiwango cha kimataifa cha kontakta, IEC 60947-4-1, kinataka kontakta iweze kuvuta hata umeme wa koili ukishuka hadi asilimia 85. Kwa koili ya volti 24, hiyo ni volti 20.4. Yaani umebakiwa na akiba ya volti 0.4, na waya haujaanza kula chake.

Na waya unakula. Ule wa geji 18 unaotumika sana kwenye themostati una ukinzani wa takriban omu 21 kwa kilomita. Themostati ikiwa umbali wa mita 60 kutoka kwenye mashine, umeme unashuka kwa R na kupanda kwa Y, kwa hiyo hesabu mita 120. Hizo ni kama omu 2.5. Koili za kontakta zinapoanza kuvuta hutaka mkupuo wa umeme mwingi kuliko zikishatulia. Mkupuo huo ukifika ampea 2, volti 5 zinapotelea njiani. Hata transfoma iliyofungwa sawasawa, yenye volti 24 kamili, itaifikishia koili volti 19 kwa ile nukta moja inayohitaji nguvu kuliko zote.

Matokeo yake unayasikia kabla hujayaona. Kontakta inaanza kuvuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinarudi, inavuta tena, mara nyingi kwa sekunde, kwa mlio wa kukereza. Kila mgusano unarusha cheche, nyuso za shaba na fedha zinachimbika, na kompresa inapigwa na mkondo wa kuanzia kila mara. Ile subira ya dakika 3 hadi 5 iliyomo ndani ya themostati, iliyowekwa ili kompresa isiamshwe tena kabla shinikizo la gesi halijasawazika, haisaidii hapa hata kidogo. Themostati haina habari. Yenyewe imeomba mara moja tu, na kwa upande wake mambo shwari. Fujo yote inatokea baada yake, mahali isipofika.

Wengi hukimbilia kuweka transfoma kubwa zaidi. Transfoma kubwa haifupishi waya. Anza kwa kusahihisha waya wa kuingilia wa transfoma. Halafu, kama umbali ni mrefu, funga relei ndogo palepale kwenye mashine: themostati iamshe koili ya relei, ambayo hutaka umeme kidogo sana, na relei ndiyo ipeleke volti 24 kwa kontakta kutoka hapo jirani. Upotevu wa njiani unakuwa si kitu. Pia kuna sababu ya usalama ya kutokuza transfoma hovyo. Kanuni za umeme za Marekani huziweka saketi hizi kwenye daraja la pili, ambalo transfoma yake haizidi volti-ampea 100, na ndiyo maana nyaya hizi nyembamba zinaruhusiwa kupita ukutani bila ulinzi mzito. Ukivuka hapo, waya uliosalimika kwenye shoti kwa sababu transfoma ilikuwa dhaifu unaweza kugeuka kuwa waya unaowaka.

Jumlisha mizigo kabla ya kuongeza kifaa chochote. Transfoma ya volti-ampea 75 inatoa takriban ampea 3.1. Toa humo koili za kontakta mbili za kompresa, ya feni, bodi, mota ya dampa, na kigunduzi cha moshi kama kinalishwa hapo hapo. Kilichobaki mara nyingi ni kidogo kuliko mtu anavyodhani.

Nifike sasa kwenye moyo wa jambo.

Ombi la Y1 likifika paani haliendi moja kwa moja kwenye kontakta. Linapitia swichi zilizofuatana katika mstari mmoja, na kila moja ina haki ya kulikata. Ipo swichi ya shinikizo la juu, inayoachana kondensa, yaani mabomba ya kutupia joto nje, ikiziba vumbi au feni yake ikifa. Ipo ya shinikizo la chini, inayogundua gesi imevuja. Ipo ya kuzuia barafu kwenye koili ya ndani, yaani yale mabomba baridi yanayopoza hewa ya chumba. Ipo relei inayolinda fezi, ambayo ni muhimu sana kwa kompresa za aina ya skroli, kwa sababu fezi mbili zikibadilishana nafasi kompresa inazunguka kinyume, inapiga kelele, haisukumi gesi, na hatimaye inakufa. Na ipo ya boya, inayoinuka maji yakijaa kwenye trei kwa sababu bomba la kutolea limeziba.

Mwanafunzi hufundishwa kwamba swichi za usalama hufungwa kwa mfuatano, na anadhani kwamba zikiwa kwenye mfuatano, popote ni sawa. Si sawa. Chukua boya na kigunduzi cha moshi, vyote vikiwa na kazi ya kusema hapana.

Mafundi wengi hufunga boya kwenye waya wa R, kwa sababu ndiyo rahisi: kata R, kila kitu kinazima. Lakini R ikikatika, themostati nayo inazima kioo chake. Mteja anapiga simu akisema themostati imekufa. Anayekuja anabeba themostati mpya, anaifunga, nayo inakaa kimya. Boya lingefungwa kwenye Y, kompresa ingesimama na maji yangeacha kuzalishwa, maana bila kompresa hakuna koili baridi ya kutoa jasho. Feni ingeendelea, watu wangeendelea kupata hewa safi, na kioo kingebaki hai kikionyesha kwamba ubaridi umeombwa na haujaja. Hapo anayekuja anajua kabisa aanzie wapi.

Kigunduzi cha moshi ni kinyume chake. Moshi ukiwa ndani ya dakti, yaani njia ya bati inayopeleka hewa vyumbani, kompresa siyo hatari. Hatari ni feni, kwa sababu ndiyo inayousambaza kwenye kila chumba. Ukikata Y peke yake, umesimamisha ubaridi na kuuacha moshi ukisafiri. Kwa hiyo hapana ya moshi lazima izime feni pia: ikate R ndani ya mashine yenyewe, au itumie teminali maalumu ya kuzimia ambayo bodi nyingi za kisasa zinayo. Na lazima ifanye hivyo bila kujali themostati inasema nini, wala mfumo mkuu wa jengo unasema nini. Nimeona mahali kigunduzi kimefungwa vizuri kabisa kwenye ukingo wa dakti, taa yake inawaka, na nyaya zake za kuzimia zimekunjwa na kufungwa kwa tepu nyuma ya paneli, hazijaunganishwa na kitu. Mkaguzi angeona taa tu. Jambo kama hilo linanikosesha amani kuliko kompresa yoyote iliyoungua.

Swichi ya shinikizo la juu nayo ina kasoro yake. Nyingi hujirudisha zenyewe: shinikizo likishuka zinaungana tena, kompresa inaanza, shinikizo linapanda, zinaachana. Mchana mzima mashine inawaka na kuzima juu ya paa bila mtu kujua. Dawa yake ya zamani naipenda mno kwa ujanja wake. Unachukua relei yenye koili ya ukinzani mkubwa, koili hiyo unaifunga sambamba na swichi za usalama, na kituo chake, ambacho huwa kimeungana relei ikiwa haijavuta, unakiweka kwenye mfuatano na swichi hizo hizo. Mambo yakiwa salama, swichi zimeungana, umeme unapita humo bila kizuizi, na koili ya relei haina volti yoyote kati ya ncha zake. Swichi mojawapo ikiachana, umeme unalazimika kupitia koili ya relei ukielekea kontakta. Kwa kuwa relei ina ukinzani mkubwa kuliko koili ya kontakta, karibu volti zote zinabaki kwake. Kontakta inaachia. Relei inavuta, inakifungua kile kituo chake, na sasa hata shinikizo likishuka na swichi ikijirudisha, njia imekatwa. Mashine inabaki imefungiwa mpaka mtu azime themostati na kuiwasha tena. Kituo kimoja na koili moja, bila hata mstari wa programu, na mashine imepata kumbukumbu. Bodi za siku hizi hufanya jambo hilo hilo kwa kuhesabu makosa, na nyingi humulika taa kwa idadi inayotaja kosa ni lipi, ila mantiki haijabadilika.

Sasa elewa kwa nini kipande cha waya kinachoruka swichi ya usalama hunichoma roho. Fundi anapanda paani siku ya joto kali, anakuta swichi ya shinikizo la juu inakata, mteja anapiga simu kila baada ya dakika kumi. Anakata waya mfupi, anaruka swichi, mashine inaendelea, anashuka, analipwa. Niliwahi kufungua paneli na kukuta waya wa namna hiyo umeshapauka kwa jua, uko pale muda mrefu, na kompresa imeungua mpaka mafuta yake yamegeuka meusi na yananuka asidi. Kondensa ilikuwa imefumbatwa na vumbi. Kuiosha kungekuwa kazi ya asubuhi moja. Swichi ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo.

Kuipata swichi iliyoachana hakuhitaji kuruka chochote. Hakikisha themostati inaomba. Weka ncha moja ya mita kwenye C na uiache hapo. Ya pili anza nayo kwenye R: volti 24. Sogea Y pale ombi linapoingia: 24. Sogea upande wa kutokea wa swichi ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu. Pale 24 inapogeuka kuwa sifuri, swichi uliyoivuka punde ndiyo iliyokata. Sasa usiibadilishe. Jiulize imekata kwa nini. Iwapo volti 24 zinafika mpaka kwenye koili ya kontakta na kontakta haivuti, hapo ndipo una haki ya kuilaumu kontakta. Tahadhari moja: mita za kidijitali zina ukinzani mkubwa kiasi kwamba waya ulioning'inia, usiounganishwa na kitu, unaweza kuonyesha volti 8 au 12 zilizoambukizwa na nyaya jirani. Ukiona namba isiyo 24 wala sifuri, weka mzigo mdogo kama koili ya relei kwenye waya huo. Volti za uongo zitayeyuka.

Na ukiwa ndani ya paneli hiyo, kumbuka kwamba sentimita chache kutoka kwenye nyaya zako za volti 24 pana fezi tatu ambazo hazisamehe. Swichi kuu ya paani izimwe na ifungwe kwa kufuli kabla ya kugusa skrubu yoyote. Washa tu unapopima.

Feni inastahili neno, kwa sababu watu huleta mazoea ya nyumbani. Nyumbani feni huwekwa ijiendeshe: kompresa ikizima, nayo inazima. Kwenye jengo la watu wengi hewa safi huingia kupitia mashine ya paani yenyewe, kwenye dampa ya nje. Feni ikizima, hewa safi haiingii. Kwa hiyo saa za kazi G inatakiwa kuwa hai muda wote, na Y ndiyo ije na kuondoka. Ubaya wake upo, nao ni wa kweli: kompresa ikizima huku feni inaendelea, maji yaliyobaki kwenye koili yanarudi chumbani kama unyevu. Mahali penye unyevu mwingi watu hulalamika kwamba panapoa lakini panabana. Jibu langu si kuzima feni. Ni kutonunua mashine kubwa kuliko chumba, ili kompresa ikae muda mrefu ikiwaka, na kupunguza mwendo wa feni pale mashine inaporuhusu. Usiku, jengo likiwa tupu, feni irudi kujiendesha na dampa ya nje ifungwe. Kwa kupasha joto kwa hita za umeme, hakikisha themostati imepangwa kuita feni pamoja na W. Mashine za kuchoma gesi huiamsha feni zenyewe, za hita za umeme mara nyingi hazifanyi hivyo, na hita bila upepo zitakatwa na kinga zake za joto.

Dampa hiyo ya nje, ikiwa na ekonomaiza, inabadilisha kabisa maana ya Y1. Hewa ya nje ikiwa baridi na kavu vya kutosha, Y1 haiamshi kompresa; inafungua dampa, na jengo linapozwa na hewa ya nje kwa gharama ya feni tu. Kompresa inasubiri Y2. Kwa hiyo themostati ya hatua moja kwenye mashine yenye ekonomaiza ni upotevu, kwa sababu hewa ya nje ikishindwa kumaliza joto hakuna wa kuita kompresa isaidie. Ukibadilisha Y1 na Y2 kwa bahati mbaya kwenye mashine isiyo na ekonomaiza, hakuna atakayejua, ni kompresa ya pili tu itakayotangulia. Kwenye iliyo nayo, umeua ekonomaiza, na hakuna taa itakayowaka kukuambia.

Kuhusu mahali pa kuweka themostati nitasema kwa kifupi: ukuta wa ndani, kimo cha mita 1.5 hivi, mbali na jua, mbali na upepo wa dakti, na tundu la waya nyuma yake lizibwe, kwa sababu hewa ya ndani ya ukuta hutoka hapo na kuipulizia sensa moja kwa moja. Lakini ukumbi mkubwa hausomeki kwa sehemu moja, na hapa pana kitu kizuri. Sensa nyingi za mbali ni za omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Chukua nne. Mbili zifunge kwa mfuatano: omu 20,000. Mbili nyingine vivyo hivyo. Jozi hizo zifunge sambamba: unarudi omu 10,000. Themostati inaona sensa moja ya kawaida, kumbe inasoma wastani wa pembe nne za ukumbi. Tisa zinafaa pia, tatu kwa tatu.

Urefu wa waya kwa sensa hizi hausumbui. Karibu na nyuzi 25, nyuzi moja hubadilisha ukinzani kwa takriban omu 440, kwa hiyo zile omu 2.5 za waya wetu hazionekani. Ukiweka sensa ya platini ya omu 100, ambayo hubadilika omu 0.385 tu kwa nyuzi moja, waya uleule unakudanganya zaidi ya nyuzi 6. Ndiyo maana sensa hizo hufungwa kwa nyaya tatu au nne. Kinachosumbua aina zote ni kelele za umeme. Nyaya za sensa zisiingie paipu moja na nyaya za umeme mkubwa, na kama zina ngao ya foili, ngao hiyo ifungwe ardhini upande mmoja tu.

Mwisho wa safari ya waya ni tundu la paa, na hapo ndipo nyingi hufia. Kebo ya themostati iliyotengenezwa kwa ajili ya ukutani haivumilii jua. Ganda lake hukauka, likapasuka, R ikagusa bati, fyuzi ikakatika. Ipitishe ndani ya paipu, ipandishe kupitia fremu iliyo chini ya mashine badala ya tundu jipya, na kabla ya kuingia kwenye sanduku iache kipinde kinachoning'inia chini ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi kwenye bodi. Fyuzi ikikatika tena na tena, usiendelee kuweka fyuzi mpya tu. Fungua nyaya zote za themostati pale mashineni, ziache hewani, weka fyuzi moja. Ikidumu, shoti iko kwenye kebo au chini kwenye themostati. Isipodumu, iko ndani ya mashine.

Ukimaliza kufunga, kabla themostati haijahusishwa, gusanisha R na G palepale paani: feni ianze. Ongeza Y1, halafu Y2, ukiangalia kila kinachoamka ndicho ulichokiita. Inua boya kwa kidole, kompresa zisimame na feni iendelee. Jaribu kigunduzi cha moshi kwa njia aliyoelekeza mtengenezaji wake, na kila kitu kizime. Ndipo ushuke uombe kutoka ukutani, urudi juu, upime volti kati ya R na C wakati kompresa zote mbili zinafanya kazi, na namba hiyo uiandike kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa mlango wa paneli, pamoja na tarehe, waya wa transfoma uliochagua, na rangi halisi ya kila waya kwa herufi yake.